Gari Lililochemka Likiwa Limesimama

Sogeeni, ndugu zangu, na mwenye sufuria jikoni apunguze moto kwanza, maana jambo hili si la kusikiliza kwa sikio moja. Nitawaeleza habari za nyumba moja ya watu wazuri. Nasema wazuri makusudi. Tukisikia wazazi wamesahauliwa, upesi tunadhani watoto ni walevi au wana roho mbaya. Hawa hawakuwa hivyo, na ndiyo maana habari yao inanisumbua.

Palikuwa na dereva wa teksi, watu walimwita Mzee Geji. Gari lake lilikuwa la milango minne, rangi ya chai ya maziwa, na pale mbele ya usukani palikuwa na kisahani chenye sindano ya kuonyesha joto la injini. Mzee hakuipa mgongo sindano ile hata siku moja. "Jicho moja barabarani, jicho moja kwenye geji," aliwaambia wanawe. Alikuwa nao wawili tu, wa kiume na wa kike.

Jumamosi asubuhi ilikuwa siku ya kuosha gari. Kaka alipewa vioo kwa sababu ya urefu, dada akapewa magurudumu kwa sababu ya ufupi, na kila wiki waligombana ni kazi ipi ya heshima zaidi. Mama alitoka na chupa ya chai, akaiweka juu ya boneti, mzee akaitoa mbio kama aliyeona nyoka: "Mke wangu, rangi hiyo!" Kisha wote wanne waliingia, gari likinuka sabuni na petroli, wakazungushwa mjini bure. Wakikutana na foleni watoto walifurahi, maana gari likisimama tu, baba alianza hadithi.

Yule mtoto wa magurudumu ndiye tutakayemfuata. Alikua, akawa Mshonaji, akafungua chumba chake cha cherehani nne katika mji mwingine, mwendo wa saa sita kwa basi. Hata huko, likipita gari bovu bovu la zamani barabarani, mguu wake uliacha kukanyaga cherehani. Alinyanyua kichwa, akasikiliza, halafu akaendelea na pindo lake.

Kaka yake akawa Mhandisi wa majengo, mbali zaidi. Mzee Geji alistaafu teksi, akabaki na gari lake la kumpeleka mkewe sokoni na zahanati. Watoto walipiga simu kila Jumapili bila kukosa. Nimewaambia walikuwa watu wazuri.

Basi Jumapili moja mama akasema kwenye simu, "Gari linachemka."

"Likiwa linakwenda?" akauliza Mhandisi.

"Likienda halina neno. Likisimama tu, foleni au mlangoni kwa mtu, linachemka kama birika."

Mhandisi akacheka. "Mama, hilo gari lilikuwepo kabla mimi sijazaliwa. Rejeta hiyo imekufa. Natuma nyingine."

Akatuma. Haukupita mwezi, mama akasema tena, "Gari linachemka." Mhandisi akatuma kifuniko kipya cha rejeta. Likachemka. Akatuma thamostati. Likachemka. Akatuma pampu ya maji. Mshonaji, ambaye pampu hakuijua hata kwa sura, alituma vitambaa vipya vya viti, ili naye asionekane amekaa bure. Hebu hesabuni, ndugu zangu: vifurushi vitano katika miezi mitano, na hakuna hata mguu mmoja uliovuka kizingiti.

Mwezi wa sita yakatokea makubwa. Nje ya geti la zahanati, gari likiwa limesimama linaunguruma, mvuke ulianza kutoka. Mzee Geji akashuka, akafungua boneti, na kwa mkono mtupu akafungua kifuniko cha rejeta. Maji ya moto yakaruka. Yakamuunguza kutoka kiganjani hadi kwenye kiwiko.

Mshonaji alipopata habari aliacha gauni la bibi harusi bila mikono, akapanda basi la alfajiri. Njiani jambo moja lilimkaa kooni. Huyu ni mtu aliyewahi kuwaweka kando ya barabara saa nzima, juani, wakiwa wadogo, wakingoja injini ipoe. Kaka yake alipolia njaa, baba alimwambia, "Rejeta ya moto haifunguliwi, hata ukiambiwa ndani mna dhahabu." Leo mtu huyo huyo amefungua kwa mkono mtupu?

Akajijibu: ni uzee, ni haraka. Kumbe hata yeye, alipofika tu na kumpa baba pole, kitu cha kwanza alichokifuata ni gari.

Gereji ilikuwa nyuma ya safu ya maduka. Fundi alikuwa mtu mzima mwenye penseli sikioni na maneno machache. Mshonaji alimkuta ameinamia injini ya watu.

"Shikamoo, fundi. Mimi binti wa Mzee Geji. Nimefuata gari."

"Marahaba. Lile pale. Ni zima."

"Zima vipi, na limemuunguza mzee?"

Fundi akajinyoosha taratibu. "Dada, limeletwa hapa mara nne. Kila likija naliwasha, naliacha limesimama nusu saa. Jana nimeliacha mpaka nikanywa chai vikombe viwili."

"Na sindano?"

"Katikati, kama imepigiliwa msumari."

Akampeleka kwenye gari, akamwonyesha. Gari likiwa mbioni, alisema, upepo wa njia unapita kwenye rejeta na kupoza maji. Likisimama, upepo huo haupo, inabaki kazi ya feni. Sasa feni ya gari hili haikuwa ikijiwasha. Kifaa cha kuiwasha kilikufa zamani na hakikupatikana kingine, ndipo marehemu bosi wa Fundi alipovuta waya, akaweka swichi ndogo chini ya usukani. Dereva akisimama, anabonyeza. Akiondoka, anazima.

"Miaka kumi na minane mzee anaibonyeza," alisema Fundi. "Mkono wake ulikuwa unafika pale kabla mguu haujafika kwenye breki."

"Labda swichi imekufa."

"Nzima. Waya nzima. Feni nzima. Fyuzi nimebadilisha kwa kukosa la kufanya."

"Sasa ni nini?"

Fundi akachukua kitambaa, akafuta mikono ambayo tayari ilikuwa mikavu. "Kwangu halichemki, kwenu linachemka. Feni ni hiyo hiyo, rejeta hiyo hiyo. Kinachobadilika kati ya hapa na kwenu ni aliyekaa kwenye kiti."

Mshonaji akapandwa na hasira. "Unataka kuniambia baba yangu hajui kuendesha gari?"

"Dada yangu, mimi siwezi kumsemea mzee wa watu. Liwashe, msiende popote. Kaa naye tu. Sindano ikigusa alama ya tatu, washa feni wewe mwenyewe."

Fundi yule alikuwa amekwisha kujua tangu mara ya pili. Alinyamaza kwa heshima. Lakini heshima nyingine, ndugu zangu, ni woga uliopigwa pasi.

Mchana ule gari likarudishwa nyumbani, wakakaa ndani yake uani, baba kwenye usukani na mkono wake uliofungwa bandeji mapajani, binti pembeni. Akaliwasha kwa mkono mzima.

"Tunakwenda wapi?" akauliza Mzee Geji.

"Hatuendi, baba. Tunalisikiliza."

"Enhe! Gari husikilizwa." Akaegemea kiti, na kama zamani, gari likiwa limesimama, hadithi ikaanza. Alisimulia ya abiria aliyesahau meno yake ya bandia kwenye kiti cha nyuma. "Nikazunguka mtaa mzima nagonga milango. Hodi, samahani, hapa kuna asiye na meno? Mama mmoja akanijibu, subiri nimwamshe mume wangu!" Aliukumbuka mtaa, akakumbuka rangi ya mlango, akakumbuka shati la yule bwana lilikosa kifungo cha tatu. Mshonaji alicheka hadi machozi, na moyoni akasema, Fundi ni mwongo. Mzee wangu huyu hapa, mzima kama kigingi.

Sindano ikapita alama ya kwanza.

Akautazama mkono wa baba. Haukusogea. Sindano ikaanza kuifuata alama ya pili.

"Baba, feni."

"Feni ina nini?"

"Huiwashi?"

"Inajiwasha yenyewe, binti. Gari jipya hili." Akatazama saa yake, akashtuka kidogo. "Kaka yako anatoka shule saa tisa. Tukichelewa ataamua kutembea, unamjua alivyo mkaidi." Kisha akamgeukia, akamkagua kutoka juu hadi chini kwa upole. "Na wewe, mbona umeshavua sare?"

Mshonaji alikuwa na miaka arobaini na mmoja na miwani ya kusomea shingoni. Sindano ilipogusa alama ya tatu alipitisha mkono chini ya usukani, akabonyeza. Feni ikanguruma. Mzee Geji akaruka.

"Nani ameweka kidude hiki kwenye gari langu?"

Wakakaa wawili wanaitazama sindano ikirudi chini pole pole, baba akiwa ameridhika kabisa, binti akiwa ameshika kitasa cha mlango kama mtu anayeogopa kuanguka.

Alipogeuka, mama alikuwa mlangoni jikoni na sahani mkononi. Alikuwa ameona kwamba binti yake naye ameona.

"Tangu lini, mama?" akamuuliza walipokuwa peke yao.

"Tangu mvua za mwaka jana."

"Na wewe unatuambia gari!"

"Ningesema nini, mwanangu? Nishike simu niseme, baba yenu leo amenisalimia kama mke wa jirani?" Mama alikuwa anaifuta sahani ile ile tangu mwanzo. "Gari lilikuwa linachemka kweli, sikusema uongo. Nikajua tu, mmoja wenu atakuja kuliangalia. Akija, atamwona. Mkatuma rejeta."

Neno hilo moja lilimkata Mshonaji kuliko wembe. Mkatuma rejeta.

Jioni alimpigia kaka yake. Kabla hajamaliza salamu, Mhandisi alidakia, "Ni feni, sivyo? Nilijua! Nitatuma..."

"Usitume kitu. Njoo wewe."

"Dada, wiki hii tunamwaga zege ghorofa ya nne. Mwisho wa mwezi nitakuja."

"Kaka, baba anakungoja ukitoka shule."

Mhandisi akasema, "Mwisho wa mwezi, dada. Nakuahidi." Mwisho wa mwezi ukafika na ghorofa ya tano.

Mshonaji hakungoja. Akampeleka baba kwa daktari. Daktari alikuta presha imepanda kwa muda mrefu bila mtu kujua, imeharibu mishipa midogo ya kichwani. Akaandika dawa, akasema wazi kwamba zitapunguza mwendo wa ugonjwa, lakini kilichokwisha kwenda hakitarudi. "Mngemleta mvua za mwaka jana," alisema, akaacha hapo. Mshonaji akahamishia cherehani mbili kwenye chumba alicholala utotoni, akashona hapo hapo. Ufunguo wa gari mama akauficha kwenye debe la unga. Siku tatu Mzee Geji aliwaita wezi, mke na binti. Siku ya nne alitoka asubuhi, akaingia kwenye gari lisilo na ufunguo, akakaa nyuma ya usukani, akatulia. Ikawa ndiyo kawaida yake.

Mhandisi alikuja mwezi wa tatu tangu simu ile. Alishuka kwenye teksi akiwa na shati lake zuri, amekumbatia katoni. Ndani mlikuwa na feni mpya.

Baba alikuwa uani, garini. Alimwona mtu mrefu na mzigo wake, akachangamka, akatoa kichwa dirishani.

"Karibu, bwana! Mzigo weka nyuma. Unashukia wapi?"

"Baba, ni mimi."

"Ndiyo, wewe. Unashukia wapi?"

Mhandisi akamtafuta dada yake kwa macho. Mshonaji alikuwa dirishani na sindano ya uzi mdomoni. Basi yule mtu wa maghorofa akaiweka katoni chini kwenye vumbi, akafungua mlango wa nyuma, akajikunja, akakaa.

"Kijana, mbona husemi? Nimekuuliza unashukia wapi."

"Sishuki, mzee," alisema Mhandisi, akafunika uso kwa viganja vyake. "Leo sishuki."

Mzee Geji akamtazama kwenye kioo, akamhurumia, kama alivyowahurumia abiria wengi.

"Haya, kaa tu," akamwambia. "Hata mimi sina haraka."

MAFUNZO

Mzazi akikuambia gari linachemka, au paa linavuja, au taa ya uani imekufa, nenda. Huenda paa linavuja kweli. Lakini huenda pia ndilo jambo pekee analoweza kulisema bila aibu. Kitu hutumwa kwa basi, macho hayatumwi. Watoto hawa walibadilisha kila kitu ndani ya gari, na hakuna aliyekaa nusu saa na dereva.

Nawe uliyebaki na mwenzako nyumbani, usimfichie ugonjwa kwa kumlindia heshima. Mficha maradhi, kifo humuumbua. Kusahau si kosa la mtu, wala si laana, ni ugonjwa wenye daktari wake, na daktari huyo anasaidia zaidi akifikiwa mapema. Na wewe jirani, na wewe fundi, ukiona mzee amepotea kwenye kazi aliyoijua maisha yake yote, waambie watoto wake siku ile ile. Watakasirika. Waache wakasirike.

Mhandisi sasa anakuja kila mwezi, anakaa kiti cha nyuma, anasikiliza hadithi. Ni mtoto mwema, nimesema tangu mwanzo. Kinachomuuma ni kwamba anasikiliza kama abiria. Ninyi wahini, mfike mkiwa bado mnaitwa kwa majina yenu.