Mziba Pengo

Nilirudi ukumbini kuchukua bandeji ya goti. Hakuna jambo jingine lililonirudisha. Ningekuwa na goti zima, leo ningekuwa Bukoba nakula ndizi za mke wangu Pelagia, si kukusimulia mambo haya.

Goti langu la kulia lina umri wake lenyewe. Mimi nina miaka thelathini na sita, lenyewe linakaribia sabini. Nimelichezea mpira wa kikapu Dar, Kampala, Kigali, Lusaka, Maputo na Manama, na katika timu zote hizo hakuna hata moja iliyonisajili mwanzo wa msimu. Mimi huitwa katikati. Mchezaji wao kaumia, au katoroka, au kagombana na kocha, basi simu inalia: Desderius, unaweza kufika lini? Nafika na begi langu. Nalala kwenye kitanda cha aliyeondoka, miguu inaning'inia nje, na kesho yake navaa jezi yake. Wenzangu wakanibatiza Mziba Pengo. Nilicheka nao, maana ndiyo kazi iliyonilisha.

Pengo nililokuja kuliziba hapa Muscat lilikuwa la Japhet.

Japhet alikuwa rafiki yangu tangu ujana wetu Dar. Tuliambiwa gari lake limepinduka kwenye barabara ya Mabela, huku Muscat, na sanduku likaletwa Musoma likiwa limepigwa misumari, halifunguliwi. Nililibeba mimi, upande wa kichwa. Vanishi yake ilikuwa haijakauka vizuri, ikaninata viganjani, na harufu ile nilishinda nayo wiki nzima. Tena lilikuwa jepesi. Japhet alikuwa na mita mbili na ushee, kifua kama mlango, lakini sanduku lile tulilibeba kama kabati tupu. Sisi wabebaji tulitazamana. Tukaendelea na safari ya kaburini, utauliza nini msibani?

Baada ya mazishi mjane wake, Veneranda, alituita pembeni mimi na Pelagia. Akatuambia kwamba siku moja kabla ya taarifa ya ajali, magharibi, alipigiwa kwa simu ya Japhet. Akapokea. Hakuna aliyesema. Alichosikia ni mpira tu, unadundwa sakafuni, polepole.

Du... du... du...

Pelagia alinishika mkono, akaubana mpaka kucha zikaniingia.

Mwezi haujaisha, kocha Mahfoudh akanipigia kutoka Muscat. Pelagia hakutaka kabisa niende. Nilimwahidi kwamba hii ndiyo timu ya mwisho: namaliza msimu, nakunja jezi, narudi nyumbani kwa miguu yangu mwenyewe. Sikutaka kingine duniani. Nilikuwa nimechoka na vitanda vya watu.

Mahfoudh ni mtu mpole. Wazazi wake walitoka Unguja na Kiswahili chake kinazidi changu. Mchana yuko ofisini Al Khuwair, jioni anakuja mazoezini, kanzu ameitundika ndani ya gari. Alinipa chumba cha uani nyumbani kwa mama yake, kule Mabela. Jezi niliyopewa ilikuwa ya Japhet. Walikuwa wamebandua jina, lakini alama za herufi zilibaki mgongoni, unazisoma ukitaka.

Mama yake, Bi Nasriya, tulipendana. Kila jioni aliniletea mkate wa ufuta na lawama kidogo.

"Ikingia magharibi, mwanangu, ukiitwa usitikie mpaka umuone uso anayekwita. Umenskia?"

"Bibi, kwenye mchezo wetu asiyeitika anakalishwa benchi."

"Cheka tu. Mie sikuchekeshi. Nna khofu na wewe."

Kioja ni kwamba mwanawe alitufundisha kinyume chake. Kila siku, dakika za mwisho za mazoezi, alitugeuza migongo. Mmoja anaita, mwingine anatoa pasi bila kugeuza shingo. "Ukiitwa, toa!" Mahfoudh alikuwa akisema. "Usitazame! Sikio linatosha!" Mimi nilifanyishwa zoezi hilo zaidi ya wenzangu wote. Nilidhani ni kwa ajili ya uzee wangu. Mwishowe mkono wangu ukawa unatii kabla ya kichwa.

Sasa jioni yenyewe.

Ukumbi tunaofanyia mazoezi uko Wadi Kabir, nyuma ya magereji. Tulikuwa tumemaliza, wenzangu wameshaondoka, nami nimevuka barabara kunywa karaki, chai yao nzito ya maziwa, na mafundi. Kesho yake tulikuwa na mechi. Nikajipapasa goti, limevimba, na bandeji sina. Nilikuwa nimeiacha chini ya benchi.

Adhana ya magharibi ilikuwa inaadhiniwa nilipousukuma mlango. Mlinzi alikuwa amekwenda kuswali. Taa zimezimwa, mwanga kidogo tu unaingia kwa madirisha ya juu. Bandeji niliikuta palepale. Ningeondoka wakati ule, yangeishia hapo.

Lakini katikati ya uwanja palikuwa na mpira.

Mchezaji hapiti mpira akauacha, hata awe anakufa. Nikauokota. Nikaudunda. Sauti ikaenda mpaka ukutani ikarudi. Nikanyanyua mikono nirushe...

"Desi! Kushoto!"

Nikatoa.

Sikugeuza shingo, sikuwaza. Mpira ulinitoka mkono wa kulia, ukapita nyuma ya mgongo. Ilikuwa pasi safi, ya kujivunia.

Paf!

Viganja viliudaka.

Ndipo nilipokumbuka kwamba mle ndani nilikuwa peke yangu.

Harufu ilitangulia. Haikuwa ya vumbi wala ya jasho la soksi. Vanishi. Vanishi mbichi. Viganja vyangu vikaanza kunata, navitenganisha vinashikana. Niliogopa, sisemi uongo.

"Japhet?" nilinong'ona.

Chini ya kikapu, kwenye kiza, alisimama mtu mrefu. Aliupulizia vidole vyake vya kulia, kama Japhet alivyokuwa akifanya kabla ya mtupo huru tangu tukiwa vijana. Uso sikuuona. Sikutaka kuuona.

"Umenipa, Desi."

"Nimekupa mpira tu."

"Umenipa nafasi." Sauti yake ilikuwa ya mtu aliyechoka, si ya mtu mbaya. "Sikutaka uwe wewe. Niliambiwa niite, nikaita. Nimecheza mno, ndugu yangu. Huku hakuna filimbi ya mwisho."

"Nani alikuambia?"

Aligeuka akakitazama kiti cha kocha. Kisha akaenda benchi kama anavyokwenda mchezaji aliyetolewa, mabega chini. Benchi likalia kwa uzito wake.

Nilipotazama tena, lilikuwa tupu.

Mpira ulibiringika ukaja kugota kiatu changu.

Nilikimbia. Nilivuka barabara bila kutazama, honi hata moja haikulia. Nilikuwa nimefika mbali nilipogundua: goti haliumi. Miaka yote ile silali kwa maumivu, leo nakimbia kama mtoto! Nilicheka peke yangu barabarani. Kicheko kikakatika chenyewe, maana nilijiuliza ni nani hasa anayekimbia.

Kwenye basi dogo la kwenda Mabela dereva alipokea nauli ya kila mtu, yangu hakuitaka. Mwanamume mmoja aliyepanda njiani alikuja kukaa kwenye kiti changu, nikamwahi kwa kusogea dirishani. Hakuomba radhi. Nikamwona hana adabu. Mtu akitaka kujidanganya hakosi la kujiambia.

Nilibisha mlango wa Bi Nasriya.

"Nani?"

"Mimi, Bibi. Desderius."

Nikasikia kandambili zake zinakuja, zikasimama upande wa pili.

"Taa ya nje inawaka," alisema polepole. "Nnachungulia hapa tunduni. Simuoni mtu."

"Niko hapa mbele yako, Bibi. Nifungulie."

"Umeitwa?"

"Nimeitwa."

"Ukatikia?"

"Sikuitikia. Nilitoa pasi tu."

"Ulimpa kabla hujamuona uso?"

Nilisikia pumzi zake mlangoni, karibu sana na zangu.

"Ya Rabbi," alinong'ona. "Ulimpa kwa mkono wako. Hapa mtu kama wewe huitwa mughayyab. Kwenu mwamwita msukule. Yule wa kabla yako pia alibisha mlango huu huu, na mie nliogopa, skumfungulia."

"Bibi, mimi sijafa! Nimetembea kwa miguu yangu kuja hapa. Nataka kwenda nyumbani tu."

Ufunguo ukazunguka. Moyo wangu uliruka kwa furaha, kisha nikaelewa kwamba alikuwa anafunga. Akaanza kulia. Maneno aliyosema baada ya hapo hakuniambia mimi. Aliyasema akiwa amegeukia ndani.

"Mahfoudh, mwanangu... umefanya nini tena?"

Tena.

Kama ni Mahfoudh aliyenifanyia haya au si yeye, na kama ni yeye anapata faida gani, mpaka leo sijui. Ninachokijua ni kwamba pazia la dirisha la sebuleni lilisogezwa. Mahfoudh alikuwa amesimama pale, na kanzu yake nyeupe. Mama yake hakuniona. Yeye aliniona. Alinitazama sawasawa usoni, kwa upole wake uleule, akazungusha vidole viwili hewani kama anavyofanya akiwa pembeni ya uwanja.

Ndiyo ishara yetu ya kubadilisha mchezaji. Ingia wewe.

Nikatoa simu. Nikampigia Pelagia. Ililia mara chache, ikapokelewa, na sauti ya Pelagia ikaja pamoja na kelele za jikoni kwetu, sufuria na kifuniko.

"Halo? Desi wangu?"

"Pelagia! Nakuja nyumbani. Nakuja kesho, sichezi tena. Nisikilize..."

"Halo? Desi?"

"Niko hapa! Pelagia!"

"Mbona husemi? Mtandao gani huu, nasikia..."

Kelele za jikoni zikakatika, kama mtu aliyeweka kila kitu chini kwa wakati mmoja. Ndipo nilipoutazama mkono wangu wa kulia. Ulikuwa unapanda na kushuka, wenyewe, bila mimi. Na chini yake, kwenye sakafu ya uani kwa Bi Nasriya, ulikuwepo ule mpira niliouacha Wadi Kabir.

Du... du... du...

Niliukaza mkono. Niliuuma. Haukusimama.

Upande wa pili wa simu mke wangu alianza kulia kwa sauti ndogo, kama anaogopa kuamsha mtu.

"Desi," alisema. "Nakuomba. Usiwe wewe."