Obokano Iliyokosa Safari

Jamaa zangu mnaochuma majani chai na mnaokamua ng'ombe, hebu wekeni vikapu na ndoo chini. Nitawasimulia yaliyowapata wana wa marehemu Nyagaka pale Chepseon, na sitawapaka mafuta kwa mgongo wa chupa.

Jumapili baada ya kanisa, boma lile lilikuwa na raha. Sagini, kitinda mimba, alikaa jikoni kwa mama yake akipiga obokano, kile kinubi kikubwa cha Abagusii chenye nyuzi nane. Babu yao ndiye aliyeichonga, akamwachia Nyagaka. Siku zote ilitunzwa karibu na moshi wa kuni, kwa maana unyevu wa huku huharibu ngozi iliyowambwa juu yake. Kaka yake mkubwa, Kebaso, alikuwa akipita na maziwa yake bila hata kugeuka. Obokano haikumhusu.

Ilianza kumhusu siku Sagini alipoalikwa kwenda kuipiga katika tamasha Ujerumani. Wivu hauna haya, jamani. Mtu asiyejua kukaza hata uzi mmoja akaanza kukosa usingizi.

Sasa, kitu cha kale namna ile hakitoki nchini bila kibali cha serikali, hata kama kinakwenda na kurudi. Kwa hiyo Rodah, afisa wa mambo ya kale, akaja nyumbani kuikagua na kuipiga picha.

"Hii ni ya familia nzima?" akauliza. "Na nyote mmekubali isafiri?"

Sagini akaitikia. Kebaso akakohoa.

"Madam, mimi ndio first born na hakuna mtu ameniuliza. Huyu akifika huko ataiuza. Hiyo ni mali ya mzee."

"Niuze obokano ya baba?" Sagini akashangaa. "Kaka, nani amekuambia hiyo maneno?"

Hakuambiwa na mtu. Uongo ule aliutunga pale pale, na moyo wake ukatulia. Rodah akasema hawezi kupendekeza kibali wakati ndugu wanavutana. Wazee wa ukoo nao wakaamua obokano ikae kwa mzaliwa wa kwanza mpaka wapatane.

Husemwa kwamba ndugu wakigombana, chukua jembe ukalime. Majirani tukachukua majembe, tukalima.

Kebaso hakuitaka obokano. Alichotaka ni Sagini asiiguse. Akaifunga kwa nailoni, akaikaza kwa kamba, akaifungia stoo nyuma ya magunia ya mbolea. Mkewe Mongina akamwonya.

"Baba Arasa, hiyo kitu imezoea moshi. Si uiweke jikoni?"

"Ndio huyo aingie aipige? Wacha ikae."

Mvua ikanyesha, ikanyesha tena. Kila alipomwona mdogo wake anapita mikono mitupu, Kebaso alikula chakula chake vizuri. Lakini mama yao akakataa kupokea chai kutoka nyumba yoyote ya wanawe, na aibu hiyo ikamshinda Kebaso. Akakiri uongo wake mbele ya wazee. Rodah akashughulikia jambo lile, kibali kikatoka, akakileta mwenyewe.

Tulikusanyika kushangilia. Kebaso akafungua stoo, akaitoa obokano, akaikata ile nailoni.

Harufu ilitusukuma nyuma. Ngozi ilikuwa imeoza na kujaa funza, na mbao za babu zilimong'onyoka mikononi mwake. Rodah akaitazama picha aliyopiga, akakitazama kile kilicholala chini.

"Poleni," akasema. "Niliyoiombea kibali haipo tena."

Sagini alichuchumaa, akaokota uzi mmoja.

"Kaka, ungesema tu kile unataka. Ningekupea."

"Nilitaka waniite mimi," Kebaso akasema, akalia mbele ya watoto wake.

FUNZO

Wenzangu, ndugu yako akiitwa mbali, mbebee mzigo mpaka barabarani. Jina atakalopata huko ni la nyumba yenu nyote. Mwenye wivu hupenda kusema analinda mali ya wazee, kumbe anailinda dhidi ya mtu pekee anayejua kuitunza. Serikali inaweza kuweka sheria ili vitu vyetu visipotelee ng'ambo, na ni vizuri. Lakini hakuna sheria itakayoviokoa na kijicho cha mwenye nyumba. Obokano ya Nyagaka haikuvuka mpaka wowote, na bado tumeipoteza.