Kadi ya Kuponi Thelathini

Kila Jumamosi jioni, fundi rangi alirudi nyumbani na ujira wake, akaiweka pesa ya juma chini ya bakuli la chumvi, kisha akaenda kuosha brashi zake uani. Hakusema neno. Zamani pesa hiyo ilipokelewa na mama, na maneno yote ya nyumba ile yalikuwa ya mama. Alikuwa akimwita binti yao, "Mhasibu! Njoo tukae kikao!" Basi mama na mtoto walikaa mkekani, wakaandika orodha ya vitu vya kununua, wakabishania vitunguu na kiberiti kama wabunge.

Sasa ulikuwa mwezi wa nne tangu mama afariki. Binti alikuwa na miaka kumi na miwili, na kikao alikifanya peke yake. Hakuna aliyemwita Mhasibu tena.

Kazi yenyewe aliijua. Alikula kwanza ndipo akaenda sokoni, asije akanunua kwa tumbo badala ya kichwa. Alibeba mfuko wake ili asiuziwe mwingine. Alifika jua likishapoa, wauzaji wakiwa wanafungasha, nyanya zilizolainika zikiuzwa nusu ya bei ya asubuhi. Mambo haya yote mama alimfundisha, naye aliyafuata moja baada ya jingine, kama mtu anayepita njia ya giza kwa kupapasa ukuta.

Akirudi, alipitia upande wa pili wa barabara ili asikutane na mama dobi. Mama dobi alikuwa jirani yao, mwanamke mnene mwenye sauti kubwa, aliyefua na kupiga pasi nguo za watu barazani kwake. Siku ya mazishi alimkumbatia binti na kulia sana. Tangu hapo binti alimkwepa. Alihofu kwamba akiambiwa "pole" mara moja zaidi, angeangua kilio katikati ya barabara.

Juu ya kabati palikuwa na kopo la biskuti, na ndani ya kopo palikuwa na kadi. Ilikuwa kadi ya kampuni ya sabuni ya unga. Kila pakiti ya sabuni ilikuwa na kuponi nyekundu mgongoni. Ukikata kuponi thelathini na kuzibandika kwenye kadi, duka lilikupa chupa ya chai bila malipo. Mama aliitaka sana chupa ile. Walichemsha chai asubuhi, na baba aliporudi saa kumi na moja jioni ilikuwa imepoa kama maji ya mtungi. Kuwasha jiko tena kulimaliza mkaa, kwa hiyo baba aliinywa hivyo hivyo. "Chai ni chai," alisema, huku amekunja uso kama anayekunywa dawa.

"Ngoja nipate chupa yangu," mama alimjibu. "Tutawasha jiko mara moja tu, na wewe utaungua ulimi mpaka unishtaki."

Kwenye kadi palikuwa na kuponi ishirini na nne. Juu kabisa, kwa kalamu ya risasi, mama aliandika: *Tunacho? Tunakihitaji? Kwingine ni bei gani?* Binti aliyatazama maandishi hayo karibu kila siku. Alitazama jinsi mama alivyoipinda herufi ya kwanza. Aliyatazama kama picha, wala hakuyasoma.

Jumamosi moja aliona karatasi kwenye mlango wa duka: mwisho wa kuponi ni mwisho wa mwezi. Zilikuwa zimebaki siku saba. Alisimama pale, na pesa ya juma mkononi, akahisi kana kwamba mtu anataka kumnyang'anya mama mara ya pili.

"Nipe pakiti sita za sabuni," alimwambia mwenye duka. "Zile kubwa, zenye kuponi."

Mwenye duka alimtazama kwa juu ya miwani. "Sita? Mnafua nguo za jeshi zima?"

Binti hakucheka.

"Mama yako alinunua moja kwa mwezi," mwenye duka alisema tena, safari hii taratibu. "Baba anajua?"

"Anajua," alidanganya.

Kuponi ilikuwa mgongoni mwa pakiti, na ukiikata, pakiti inatoboka. Mama alisubiri sabuni iishe kwanza. Binti hakuweza kusubiri. Aliimimina sabuni yote kwenye ndoo, akakata kuponi sita, akazibandika kwa uji wa unga. Thelathini! Aliishika kadi kifuani. Alitarajia kusikia furaha, lakini nyumba ilikuwa kimya vilevile, na pesa iliyobaki ilitosha mkate, viazi vichache na maharage ya siku tatu.

Jumatano jioni palibaki kipande kimoja cha mkate. Baba aliingia na madoa ya rangi nyeupe kwenye kope, akakaa, akatazama sahani.

"Kula wewe," alisema. "Mimi nimekula kazini."

"Umekula nini, baba?"

"Aa... vitu."

Hapo hapo tumbo lake likanguruma kwa sauti. Baba aligeuka upande kama mtu aliyefumaniwa. Binti aliutazama mkate, akashindwa kuumeza. Aliinuka, akaleta ndoo, akaifunua mbele yake, akasimulia yote: kadi, karatasi ya mlangoni, na uongo aliomwambia mwenye duka.

Baba hakumkemea. Aliichukua kadi kwa vidole vyake vikavu, akaisoma kwa sauti, polepole. "Tunacho? Tunakihitaji? Kwingine ni bei gani?" Aliiweka kadi kando ya sahani. Kisha akauliza, "Haya, mwanangu. Sabuni tulikuwa nayo?"

"Tulikuwa nayo. Nusu pakiti."

"Tuliihitaji?"

Binti alitikisa kichwa, machozi yakaanza kudondoka. "Nilitaka kuimaliza kadi yake tu."

"Najua," baba alisema. "Najua sana. Lakini sabuni hailiwi. Wala dukani hawaipokei, imeshafunguliwa." Alitumbukiza mkono ndooni, akauchota unga ule wa buluu. "Hebu fikiri. Katika mtaa huu, ni nani anayekula sabuni?"

Binti alipangusa pua. Alilijua jibu, na hakulipenda. "Mama dobi."

"Basi nenda. Kosa ulilifanya peke yako, lakini ndoo nitakusaidia kuifikisha mlangoni."

Mama dobi alikuwa akikunja mashuka. Alipomwona binti na ndoo, aliliacha shuka likaanguka.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba! Kumbe njia ya huku hukuisahau? Nilidhani umehamia upande wa pili wa barabara, na mguu wako umeshalipa kodi huko."

Binti alieleza shida yake bila kuinua macho. Alijiandaa kwa neno "pole". Halikuja. Mama dobi alichota sabuni kwa kiganja, akainusa, akaisugua kati ya vidole.

"Sabuni ni sabuni hata ukiivua shati," alisema. "Nitainunua yote kwa bei ya dukani. Usinishukuru, kesho ningekwenda kununua vilevile. Lakini ngoja. Kuponi ulizikata za nini?"

"Zilipungua sita."

Mama dobi aliketi juu ya furushi la nguo. Kisha akanyoosha mkono dirishani, akateremsha kikombe kilichovunjika mkono, akakimimina kwenye ubao wa pasi. Zilikuwa kuponi nyekundu, zimekatwa vizuri, zimenyooshwa kwa pasi. Kumi na tatu.

"Wewe ulifikiri mama yako alizipata wapi zile ishirini na nne?" aliuliza. "Kwa pakiti moja kwa mwezi? Mimi namaliza pakiti moja kwa juma, na pakiti nilikuwa nazitupa. Siku moja akaja akasema, 'Shoga, usitupe chupa yangu ya chai.' Tangu hapo nilimkatia. Naye alinishonea vifungo vilivyokatika kwenye nguo za wateja. Alipotutoka niliendelea kukata. Nilisema mtoto atakuja. Hukuja. Nikadhani pengine kuziona kunakuumiza, nikakuacha."

Binti alizitazama zile kumi na tatu. Zilikuwa pale dirishani miezi yote minne, hatua ishirini kutoka mlangoni kwake. Hapo kilio alichokikimbia kikamfikia, na mama dobi akakiacha kipite bila kusema lolote, mkono wake wenye harufu ya sabuni juu ya kichwa cha mtoto.

Jumamosi asubuhi na mapema binti alikwenda dukani. Kwanza alisema, "Siku ile nilikudanganya. Baba hakujua." Mwenye duka alikubali kwa kichwa, akahesabu kuponi, akateremsha chupa ya chai. Kisha akanyoosha mkono.

"Kadi inabaki kwangu. Kampuni inaitaka."

Binti aliishikilia kadi kidogo. "Naomba kalamu."

Alinakili maneno ya mama nyuma ya daftari lake la hesabu, herufi ya kwanza akiipinda vilevile. Hayakufanana sawasawa. Akaitoa kadi.

Zile kuponi kumi na tatu hazikuwa na kazi tena dukani. Alizirudisha katika kopo la biskuti, ili kopo lisikae tupu.

Saa kumi na moja baba aliingia. Binti alimmiminia chai iliyochemshwa asubuhi. Mvuke ukapanda. Baba alionja, akashtuka, akashika mdomo.

"Umeungua?" binti aliuliza.

"Nimeungua," baba alisema, na macho yake yalilowa. "Sasa sina wa kumshtaki." Alikizungusha kikombe mikononi. "Sikiliza, mwanangu. Mama yako hakuweka akiba kwa kununua. Aliweka akiba kwa kuuliza. Alijiuliza mwenyewe kabla ya kutoa pesa, na penye upungufu aliwauliza watu. Sisi wawili tulinyamaza, kila mtu na lake, ndiyo maana tukakosa mkate ilhali tuna ndoo nzima ya sabuni. Mimi kosa langu ni kubwa kuliko lako. Niliiweka pesa chini ya bakuli nikakuachia nyumba."

Alitia mkono mfukoni, akatoa pesa ya juma. Hakuiweka chini ya bakuli. Aliutandika mkeka, akaketi kwa shida, magoti yakilia, akapigapiga kwa kiganja nafasi iliyokuwa pembeni yake.

"Mhasibu," alisema. "Njoo tukae kikao."