Modemu ya Shangazi Ilipogoma

Kila Jumamosi Chiriku alikwenda kumsaidia shangazi yake kwenye chumba chake cha kuchapa na kutoa nakala. Jina hilo alipewa kwa sababu mdomo wake haukujua kupumzika. Alifuta vumbi na kupanga karatasi huku akisimulia ya shuleni, mpaka shangazi akamwomba angalau ameze mate.

Siku hiyo alikuwa na la kujivunia. Kompyuta ya shangazi ilikuwa imejaa virusi, ikijikokota kama mgonjwa. Asubuhi hiyo Chiriku alifuta mfumo wake wa zamani wa uendeshaji, akaiwekea mfumo huria aliopewa na mwalimu wa kompyuta, ule ambao mtu yeyote huutumia bila malipo. Sasa ilikuwa nyepesi kweli kweli.

Mara akaingia muuguzi kijana, jirani yao.

"Shikamoo, shangazi. Leo ndiyo mwisho wa kutuma maombi ya kazi. Nafasi hii nimeingoja tangu nihitimu."

"Marahaba, mwanangu. Keti, tutatuma sasa hivi."

Shangazi akatoa mkobani modemu yake ya bei rahisi, akaichomeka. Taa nyekundu ikawaka, lakini mtandao haukupatikana.

Fundi simu wa chumba cha pili akachungulia. "Vitu vya rahisi hivyo, mama. Hiyo imekufa, izikeni tu."

Chiriku akaitazama kompyuta. Mwalimu alikuwa amemwonya ajaribu kila kifaa kwenye mfumo mpya kabla ya kufuta ule wa zamani. Printa aliijaribu. Spika alizijaribu kwa nyimbo tatu nzima. Modemu ilikuwa mkobani, naye hakuiulizia. Angenyamaza, lawama yote ingebaki kwa modemu.

"Shangazi, haijafa," alisema kwa sauti ndogo. "Jana ilifanya kazi. Kosa ni langu, sikuijaribu kabla ya kufuta."

Shangazi alimtazama, kisha akamtazama muuguzi. "Basi maji umeyavulia nguo, yaoge. Mwenzio anasubiri."

Chiriku akaichomoa modemu, akaichomeka tena, safari hii akikodolea macho kioo. Picha ndogo ya diski ikatokea pembeni. Akaifungua, akakuta programu za mfumo wa zamani.

"Kumbe kompyuta inadhani hii ni diski," alisema. "Mfumo wa zamani ulijua kuigeuza iwe modemu. Huu haujui. Labda tukiiondoa hiyo diski bila kuchomoa kitu..."

Akabofya palipoandikwa "ondoa". Picha ikatoweka. Wote wanne wakaikazia macho ile taa nyekundu. Ikazimika, kisha ikawaka ya buluu, na mtandao ukapatikana.

Maombi yakatumwa. Muuguzi akampa Chiriku mkono, kama anavyopewa mtu mzima. Fundi simu akajikuna kichwa. "Nami nilishaanza kuandaa mazishi."

Shangazi akacheka, kisha akamgeukia mpwa wake. "Ungeitikia kwamba imekufa, ningeamini, na huyu angekosa nafasi yake. Lakini ulisema kweli, ndiyo maana ukajua pa kutafuta dawa. Anayeficha kosa lake hawezi kulitengeneza. Leo umenipa fahari, mwanangu."

Kisha akaichomoa modemu na kuitia mkononi mwa Chiriku. "Kuanzia leo, mtunzaji wake ni wewe."

Chiriku akaitia mfukoni, akaanza kusimulia upya habari za ile diski, mpaka shangazi akamwomba tena ameze mate.