Mtumishi wa Sita wa Namasakata

Huyu ninayemsimulia ni mdogo wangu, tumbo moja, ziwa moja. Nasema hivi mapema usije ukadhani nasengenya watu baki. Crispin alikuwa mtaalamu wa mitandao ya kompyuta katika ofisi moja ya serikali hapa Songea. Ofisi yenyewe sitaitaja, maana bado ina watu wasio na hatia. Mimi naitwa Fausta, fundi cherehani, naishi Mfaranyaki, na nilikuwa na mtoto mmoja.

Jumapili moja baada ya misa alipita kwangu kunywa chai, amechangamka kama kapandishwa cheo. Makao makuu Dodoma walikuwa wamempa kazi ya kukadiria kila ofisi ya tawi inahitaji mtandao wa ukubwa gani. Alishamaliza Madaba na Namtumbo, imebaki Namasakata, huko Tunduru. Nikamuuliza mtandao unapimwaje, kwani unamwagwa kwenye debe? Akacheka.

"Dada, ni kama kupika uji wa msibani. Unajiuliza watakuja wangapi, kila mmoja anakunywa kiasi gani, na saa ngapi watakuja wote kwa mpigo. Kwetu ni saa nne asubuhi. Saa nne kila mtumishi yuko kwenye kompyuta, anatuma mafaili, anafungua barua pepe. Nahesabu watu wa saa nne, nazidisha kwa matumizi ya mmoja, naongeza kidogo kwa ajili ya watumishi wapya. Basi."

"Na ukikosea?"

"Nikipunja, ofisi inakwama. Nikizidisha, naulizwa Dodoma."

Binti yangu Kunegunda ndiye aliyekuwa akitumiminia chai. Alikuwa na diploma ya utunzaji wa kumbukumbu na miaka minne ya kukaa nyumbani akituma maombi ya kazi. "Mjomba," alisema, "huko unakozunguka uniangalizie nafasi, hata ya kujitolea." Crispin akamwambia asiwe na wasiwasi. Nilimshukuru sana mdogo wangu siku ile, Mungu anisamehe.

Ya Namasakata sikuyaona kwa macho. Nilisimuliwa na Bibi Zuhura, mama mtu mzima anayefagia na kupika chai katika ofisi ile, na mengine Crispin aliyakiri kwa mdomo wake. Alifika Jumanne akiwa na njaa ya safari. Watumishi walikuwa sita. Akanyoosha kidole kuwahesabu, mmoja, wawili, na mkuu wa ofisi, Bwana Abdulatifu, akamshusha mkono.

Pale ofisini watu hawakuhesabiwa kwa kidole. Ulikuwa utaratibu wao tangu ofisi ifunguliwe, na hata wageni kutoka wizarani walikuwa wakiufuata. Bibi Zuhura huleta sahani ya korosho za kukaanga. Kila mtu huchukua moja, huinong'oneza jina lake, kisha huiweka kwenye ungo. Mgeni anahesabu korosho. Akimaliza, kila mtu huchukua ileile aliyoiweka na kuila mwenyewe.

Crispin alihesabu sita, akaandika sita. Halafu, macho yakiwa bado kwenye fomu, mkono wake ukaenda kwenye ungo, ukaokota korosho moja, akaitia mdomoni na kuitafuna.



"Hiyo ilikuwa ya Asma," Abdulatifu alisema kwa sauti ya chini.

Asma alikuwa karani wa masijala, mwanamke wa miaka ishirini na tisa, meza yake iko karibu na dirisha. Bibi Zuhura alimkimbilia Crispin, akamkingia kiganja chini ya kidevu. "Tema, mwanangu. Tema upesi." Angeweza kutema. Crispin alimeza makusudi huku akimwangalia bibi wa watu usoni, kisha akacheka na kumwambia Asma kwamba akirudi atamletea kilo nzima. Asma alikuwa akijipapasa kifuani kama mtu anayetafuta kitu alichokuwa nacho sasa hivi.

Alhamisi, saa nne kamili asubuhi, Asma alikufa kitini. Hakuugua wala hakupiga kelele. Vidole vyake vilikuwa bado juu ya kibodi. Wanawake waliomwosha walisema maiti ilikuwa nyepesi mno, wakaigeuza kama wanageuza kanga kwenye kamba. Crispin alipopigiwa simu alisema poleni sana, akaendelea na mahesabu yake.

Kompyuta yake ya hapa Songea ilimwonesha kila tawi linavyotumia mtandao. Jumatatu, saa nne asubuhi, akafungua la Namasakata. Watumiaji walikuwa sita. Akapiga simu kuuliza nani ameingia kwa akaunti ya Asma. Abdulatifu akamjibu kwamba kompyuta ya marehemu imezimwa na wameifunika kitambaa. Crispin akaifuta akaunti ile. Saa nne ya kesho yake ilikuwepo, na ilikuwa inatumia mara mbili ya jana. Siku iliyofuata, mara mbili tena. Ilipofika Ijumaa, wale watano waliobaki hawakuweza kufungua hata barua moja.

Na Jumatatu ileile, saa nne, jino la kwanza la Crispin lilidondoka kwenye kikombe cha chai. Hakusikia maumivu. Hakukuwa na damu. Jumanne likadondoka la pili. Jumatano la tatu. Kila siku ya kazi, jino moja. Jumamosi na Jumapili alipumzishwa, maana hata laana ile ilifuata saa za serikali.

Jino la saba lilipotoka, alimpigia simu Bibi Zuhura.

"Umekula mtu, mwanangu," bibi alinong'ona. "Kiti chake kinataka mtu. Njoo ukikalie wewe mwenyewe, saa nne, siku moja tu. Umwombe radhi."

"Nitainuka?"

"Allah ndiye ajuaye."

Hakwenda. Alirudi kwenye fomu yake ya makadirio, ambayo alikuwa bado hajaituma. Mwishoni kulikuwa na safu ya watumishi wanaotarajiwa kuongezeka. Akaandika: mmoja, wa kujitolea, masijala. Na penye jina, mdogo wangu niliyembeba mgongoni akiwa mchanga, akaandika Kunegunda.

Mimi sikuyajua hayo. Alikuja kwangu na habari njema, mdomo kaufunika kwa leso, anasema meno yanamsumbua. Kunegunda akapiga goti. "Shikamoo mjomba! Asante mjomba!" Crispin akaitikia marahaba huku akiangalia ukuta. Mimi nilipiga vigelegele mpaka majirani wakatoka. Nikamshonea mwanangu sketi mbili za kazini, nikamsindikiza stendi, nikambebea begi kwa mikono yangu hii. Nilimwambia asichelewe kazini hata siku moja, asije akamwaibisha mjomba wake.

Kule Namasakata hakufunguliwa akaunti yake. Crispin alimpa ya Asma, ili hesabu ibaki sita.

Siku ya kwanza aliyokaa kwenye ile meza ya dirishani, mtandao wa ofisi ulirudi kuwa mzuri. Na meno ya Crispin yaliyobaki yakatulia.

Wiki ile Kunegunda alinipigia simu amefurahi. Kazi nzuri, watu wapole. "Ila kuna bibi mmoja hapa, mama, hataki kunipa mkono. Akiniona tu analia."

Wiki ya pili sauti ilipungua. "Mama, wananiita Asma. Wanaomba radhi, halafu wanarudia. Leo nimegeuka nilipoitwa."

Nikamwambia watazoea. Nikamwambia kazi haitaki kudeka. Maneno hayo niliyasema mimi, mama yake, na kila siku nayasikia.

Wiki ya tatu, Jumatano, simu yangu iliita asubuhi nikiwa kwenye cherehani. Nikaona jina lake. Nikapokea.

"Samahani," akasema. Sauti ilikuwa yake. "Namba hii nimeikuta kwenye simu. Imeandikwa Mama. Wewe ni mama wa nani?"

"Kune, acha utani, nina kazi za watu hapa."

"Mama wa nani?"

Nikaita jina lake. Upande wa pili nikasikia kibodi ikigongwa. Upesi. Upesi zaidi. Kisha ikanyamaza. Nikaita tena. Nikaita kwa kupiga kelele, jirani yangu akaja mbio na mikono ina unga. Simu ilikuwa bado iko hewani. Hakukuwa hata na pumzi.

Ilikuwa saa nne.

Walimleta Songea. Nilimwosha mwenyewe, nikamwinua peke yangu, na mimi sina nguvu hizo. Hapo ndipo roho ilipoanza kunishtuka, lakini sikuwa na la kushika. Aliyenipa la kushika ni Bibi Zuhura. Alikuja na gari lililoleta mwili, akanisogelea jikoni wakati wa matanga, akaninong'oneza yote tangu korosho mpaka ile simu aliyopigiwa na Crispin. Alisema walikatazwa kumwambia Kunegunda. Nikamuuliza walikatazwa na nani. Akanyoosha kidole uani.

Uani Crispin alikuwa anakula. Kajaziwa ugali na nyama, anatafuna upande mmoja, upande wenye meno. Wiki nyingi alikuwa hajala hivyo. Akaomba aongezewe mchuzi.

Nilimvuta mpaka nyuma ya nyumba. Nilitaka akane. Nakuambia kweli, angekana ningemwamini, maana nilihitaji kubaki na ndugu hata mmoja. Hakukana. Alifuta mdomo, akanieleza taratibu, kwa sauti ileile aliyonielezea uji wa msibani.

"Dada, alitakiwa mtu mmoja. Mimi nina mke na watoto wanne. Nikiondoka mimi, wanaumia watano. Akiondoka Kunegunda, unaumia wewe peke yako. Nilikadiria."

"Nilikuwa na mmoja tu, Crispin."

"Ndiyo," akasema. "Nililiangalia hilo."

Nilimtemea mate usoni. Akayafuta kwa leso, akarudi kumalizia nyama yake. Wiki mbili baadaye makadirio yake yalipitishwa Dodoma bila kurekebishwa hata namba moja, akapewa barua ya pongezi. Imaculata, mke wake, aliitia kwenye fremu. Bado anapita barabara ya mbele ya kibanda changu cha kushonea, na ananisalimia.

Baada ya arobaini nilipanda basi kwenda kuchukua vitu vya mwanangu. Nilifika Namasakata jioni, Bibi Zuhura akanilaza kwake. Asubuhi Bwana Abdulatifu alitupokea mlangoni, mnyonge, hawezi kunitazama. Alisema chumba alichokaa Kunegunda walikifunga kwa kufuli tangu siku ile, na watumishi wote wamehamia chumba cha mbele. Ufunguo ni mmoja, anatembea nao. Akafungua.

Vumbi lilikuwa limelala juu ya kila meza. Sakafuni pia, halina alama ya mguu. Nikatia kwenye mfuko kikombe chake, kitana, daftari. Sweta lake lilikuwa limening'inia kwenye mgongo wa kiti. Nilipolivuta, mkono wangu ukagusa pale pa kukalia.

Palikuwa na joto.

Dirisha limefungwa, pazia limeshushwa, jua halifiki pale. Lilikuwa joto la mwili, la mtu aliyeinuka sasa hivi.

"Nani alikuwa humu?" nikauliza.

"Hakuna, mama," Abdulatifu akasema. Alikuja akaweka kiganja chake pale, akakiondoa haraka, akarudi nyuma mpaka mlangoni.

Nikakaa. Bibi Zuhura akanishika mkono, akaninong'oneza niinuke, saa nne inakaribia. Nikamwambia aniache na mwanangu. Nilikamata kingo za kiti kwa mikono yote miwili, nikafumba macho, nikasubiri. Nilitaka ije. Nilisema kwa sauti: chukua na mama yake. Saa nne ikafika. Ikapita. Haikunitaka. Mimi sikuwemo kwenye fomu.

Nilikaa pale mpaka saa nane mchana, miguu imekufa ganzi; nikainuka, nikasubiri kando yake mpaka jioni, na kile kiti hakikupoa.