Rafadha Iliyopotea Songea

Ijumaa, saa moja kasorobo asubuhi, mnyapara Alfani alifungua sanduku la tatu katika ghala la Songea akakuta jiwe la kusagia lililoviringishwa kwenye gunia. Rafadha haikuwamo.

Ulikuwa mwaka wa tano tangu vita vya Maji Maji kuzimwa. Msafara wa Alfani ulitoka Kilwa na injini mpya ya mashua ya Mzungu mmoja, mfanyabiashara wa Ziwa Nyasa, maana injini ya zamani ilikuwa imekufa. Zililetwa pia rafadha mbili za shaba, yale mapanga yanayozunguka majini na kusukuma chombo: moja kubwa na pana, nyingine ndogo. Fundi Tadei, Mmatengo aliyejifunza kazi kwa Wadachi, ndiye wa kuchagua inayoifaa injini. Alhamisi alasiri alizipima zote mbele ya tajiri, yule Mzungu mwenye mashua, wakazungumza Kidachi, kisha masanduku yakapigiliwa misumari.

Mlinzi wa mlango alikuwa Bakili, Myao wa Tunduru. Tajiri aliamuru achapwe, na mchapaji akawa Alfani.

"Wallahi, mnyapara, sijaiba!" Bakili alilia. "Hakuingia mtu ila fundi na mfuko wake wa zana, kuipaka injini mafuta."

Alfani hakusikiliza. Alichapa viboko kumi na tano.

Saa tatu alivuka mto Ruhila kumpekua mzee Polikarp, mfua bangili.

"Shikamoo, mzee. Kuna shaba imeibwa."

"Marahaba. Pekua." Mzee alimwacha apindue kila kitu, kisha akauliza, "Imeibwa ipi?"

"Ndogo. Kubwa ipo."

Polikarp aliacha nyundo. "Mwizi wa shaba gani huyo, anaacha kubwa?"

Alfani aliweka chini kapu aliloshika. Kweli, masanduku yote mawili ya rafadha yalikuwa pamoja. Aliyechukua ndogo hakutaka shaba. Alirudi ghalani mbio, akakagua misumari ya lile sanduku. Hakuna uliopinda wala ubao uliopasuka. Ilikuwa imeng'olewa kwa koleo, ikarudishwa matunduni mwake. Bakili alikuwa na panga tu.

Saa tano alimkuta Tadei anafuta injini.

"Fundi, ipi ndiyo inayoifaa hii?"

"Ndogo. Injini hii inazunguka upesi, lakini nguvu yake kidogo. Ukiifunga ile pana, itakabwa na maji izimike."

"Nani alilijua hilo jana?"

"Mimi na tajiri."

"Mlisema Kidachi. Bakili hajui Kidachi."

Tadei aliendelea kufuta mahali palipokwisha kung'aa.

"Umeitupa wapi, fundi?"

"Mtoni, penye kina." Sauti yake ilikuwa ndogo. "Nyingine itatoka Ulaya, miezi sita. Mashua inakwenda kuzoa watu wa ziwani kwa nguvu, wakafanye kazi mashamba ya pwani, mnyapara. Wakipata habari mapema watakimbilia milimani."

"Hao ni nani kwako?"

"Wakati wa vita mashua ya Wadachi ilikuwa mikononi mwangu. Waliniambia nichague rafadha ya kwenda mbio. Nikachagua vizuri. Tulifika kabla watu hawajaamka, askari wakachoma maghala ya mahindi. Kijiji kile ni cha mama yangu. Hakufa kwa risasi. Alikufa kwa njaa, miezi minne baadaye."

"Na Bakili?"

"Nilisikia kila kiboko. Nilikuwa hapahapa, nimeshika spana."

"Ungesema neno moja!"

"Ningesema." Tadei alianza kulia. "Nilimwokoa nisiyemjua, nikamwacha niliyemjua."

Alfani hakumfunga kamba. Tadei alinawa mikono, akavaa kanzu yake safi, akaenda mwenyewe kwa tajiri akasema yote. Kabla ya adhuhuri alikuwa ametiwa mnyororo shingoni. Msafara ulikaa Songea bila kazi, na tajiri akaandika barua Ulaya.

Alfani alichukua mafuta ya nyonyo na kitambaa, akaenda kibandani kwa Bakili, aliyelala kifudifudi.

"Aliyeiba ameonekana," alisema. "Nilikosa, ndugu yangu. Uliniambia ukweli, nami nikakupiga."

Bakili hakugeuza uso.

"Weka mafuta hapo mlangoni," alisema. "Atanipaka mtu mwingine."