Kivuli cha Tano

Mashine ilikuwa imechomolewa umeme tangu alfajiri, lakini Zaitun alipopita sebuleni na ndoo ya maji aliikuta inawaka.

Ilikuwa mashine kuukuu ya gemu, ndefu kama kabati, ambayo mumewe Athuman aliinunua kwenye baa moja ya Miyuji iliyokuwa ikifungwa. Athuman, karani wa wizara, alilijua gemu hilo tangu utoto wake Kondoa: kijitu cheupe kinakimbia vichochoroni, kinafukuzwa na vivuli. Toleo la kwanza alilimaliza, kwa kuwa vivuli vilipita njia zilezile naye akazikariri. Hili lilikuwa toleo la pili. Vivuli vyake havikukaririka, na tangu utotoni ilikuwa inamuuma kwamba hakulimaliza.

"Zamani vilikuwa vinne," alimwambia mkewe siku ya kwanza, akicheka. "Hiki cha tano sikijui."

Siku ya tatu hakucheka tena. Kila mara kijitu kilipokamatwa, yeye alipata jeraha. Zaitun alimwosha shavu la mguu akaona alama za meno, mapana kama ya punda. Nyumba nzima ilinuka nywele zilizoungua.

"Acha basi, Athuman."

"Nikiacha, hicho cha tano kinakuja huku," alinong'ona. "Nimekisikia koridoni."

Asubuhi hiyo alipoikuta mashine inawaka, Zaitun alimpigia simu Bi Mwamvua, shangazi wa mumewe, ambaye Kondoa nzima ilimjua kwa kutoa majini.

"Shikamoo, shangazi."

"Marahaba. Sikiliza, mwanangu. Msiizime, msiivunje, msiiguse. Napanda basi sasa hivi."

Saa sita mchana, jua likiwa kali na vumbi likigonga madirisha, Athuman alinyanyuliwa kutoka kwenye kiti chake na kitu ambacho Zaitun hakukiona, akabamizwa ukutani, akainuka akakimbia koridoni, akakata kona jikoni, akakata kona chumbani, huku nyuma yake kwato nzito zikipasua vigae kimoja baada ya kingine, na kila alipofikiwa alirushwa tena, mpaka damu ikachora ukuta mweupe kwa urefu wa nyumba na mkono wake wa kushoto ukavunjika kwa mlio kama wa kuni kavu, akaanguka mbele ya mashine, kimya, macho wazi.

Zaitun alichukua nyundo.

Pigo la kwanza lilitoa ukelele ndani ya mashine. Akadhani jini linaumia, akaongeza la pili. Kwenye kioo kilichopasuka kijitu cheupe kilikuwa kimebanwa pembeni, hakimtazami anayekifukuza, kinamtazama yeye, kimeinua mikono yote miwili. Pigo la tatu lilitoboa kioo, na damu ya moto ikamrukia usoni.

"Zai," sauti ikaita mle ndani.

Hakuna mtu mwingine duniani zaidi ya Athuman aliyemwita hivyo. Aliisikia, akaitambua, lakini nyundo ilikuwa imeshashuka.

Mashine ikazima.

Nyuma yake Athuman aliinuka. Alishika mkono wake uliovunjika, akaunyoosha, mfupa ukalia, naye hakukunja hata uso.

"Umechoka, mke wangu," alisema kwa upole. "Kaa."

Bi Mwamvua aliingia adhana ya adhuhuri ikiwa imekwisha. Mwanamume aliyekaa kwenye kochi alimwamkia, "Shikamoo, shangazi." Yule mama hakumjibu. Alivitazama vioo sakafuni, akachuchumaa, akagusa damu kwa kidole.

"Zaitun, mwanangu," aliuliza taratibu. "Alikuita?"

"Aliniita."

"Mara ngapi?"

"Mara moja tu."

Bi Mwamvua akavua mtandio wake, akautandaza juu ya vioo, akaunyoosha pembe zote nne kama mtu anayefunika maiti. Kisha akasoma Innalillahi.

Kwenye kochi, yule mwanamume akauliza leo watakula nini.